Safari Imefutwa, Hela Iko Wapi? Historia ya Tiketi, Vocha na Abiria Wasiojulikana Majina

Aliyekulia Iringa anaijua vizuri hii. Ni alfajiri, baridi inakata mpaka kwenye mifupa, umetoka Mlandege na begi mgongoni, boda imekushusha stendi ya Igumbilo. Tiketi unayo, ulilipa juzi. Muda wa kuondoka unafika, basi halionekani. Baada ya saa nzima anakuja konda, anaanza na "kamwene" ya upole kuliko siku zote, halafu anatema bomu: gari limeharibika, spea inasubiriwa kutoka Dar, ila msijali ndugu zangu, tiketi ni hizo hizo, kesho mtapanda nazo.

Abiria wanagawanyika hapo hapo. Kuna wanaosema sawa, kesho siyo mbali. Kuna wanaotaka nauli yao mkononi muda huo huo ili wakatafute gari lingine, maana mwenye msiba hawezi kusubiri kesho, na mwenye usaili wa kazi hawezi kumwambia bosi asogeze tarehe. Konda naye anajua jambo ambalo hataki kulisema kwa sauti: ile hela imeshageuka dizeli, tairi na posho. Haipo.

(Kabla hujauliza: Mlandege inayosemwa hapa ni ya Iringa mjini, siyo ile ya Unguja yenye timu iliyoifunga Simba fainali ya Kombe la Mapinduzi 2024.)

Sasa lile neno la konda, "kesho mtapanda nayo", lina jina kubwa huko duniani. Kwenye meli za kitalii zenye mabwawa ya kuogelea na kumbi za sinema wanaliita vocha ya safari. Meli ikifutwa, kampuni inakwambia: hela yako hatuirudishi sasa hivi, chukua vocha, utasafiri mwakani. Ugomvi ni ule ule wa Igumbilo, ila kwa viti vya bei mbaya. Na ni ugomvi wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Umepita mahakamani, umepita kwenye vita, umepita kwenye kuvunjika kwa jumuiya nzima ya nchi tatu, na karibu kila mara anayeubeba ni mtu ambaye hakuna anayelikumbuka jina lake.

Mfalme kaumwa, boti ipo

Rudi nyuma mpaka Juni 1902, Uingereza. Mfalme Edward VII anatakiwa kutawazwa tarehe 26. London imechangamka kuliko Kariakoo ya wiki ya sikukuu. Wenye nyumba zinazotazama barabara za maandamano wanapangisha madirisha. Ndiyo, madirisha! Mtu analipa hela ndefu akae chumbani kwa mwenzake siku mbili tu, amwone mfalme akipita.

Siku mbili kabla ya sherehe, tarehe 24, mfalme anafanyiwa upasuaji kwa tatizo la kidole tumbo. Kila kitu kinaahirishwa. Alikuja kutawazwa tarehe 9 Agosti, lakini waliokuwa wameshalipia madirisha ya Juni walikuwa wameshaanza kushikana mashati.

Kesi zikamiminika. Jamaa mmoja alikuwa amepanga vyumba kwa pauni 75, akatanguliza 25. Mwenye nyumba akamshtaki adai 50 zilizobaki. Mahakama ikasema hapana, chumba kilipangwa kwa ajili ya kutazama maandamano, maandamano hayakuwepo, kwa hiyo mkataba umekosa roho. Hadaiwi tena. Lakini zile 25 za mwanzo hazikurudi.

Mwingine mambo yakawa magumu zaidi. Alipanga chumba kwa pauni 141 na shilingi 15, akawa ameshalipa 100. Yeye ndiye aliyekwenda mahakamani kudai hela yake. Mwaka 1904 majaji wakamwambia kwamba hasara inabaki pale ilipoangukia: kilicholipwa kimelipwa, na kile kilichotakiwa kulipwa kabla ya sherehe kufutwa bado unadaiwa. Alikwenda kudai 100, akatoka na deni la 41 na shilingi zake 15.

Halafu kuna yule wa boti, na huyu ndiye babu wa ugomvi wote wa meli. Alikodi boti ya abiria kwa pauni 250, akatanguliza 50. Mpango wake ulikuwa wa kijanja: auze nafasi kwa watu wanaotaka kwenda Spithead tarehe 28 Juni kumwona mfalme akikagua manowari, na kuzunguka kutazama meli hizo. Mfalme akaugua, ukaguzi ukafutwa. Jamaa hakutokea kwenye boti wala hakulipa salio.

Mahakama ya Rufaa ikamkaba. Majaji wakasema manowari zilikuwa bado zimetia nanga pale pale, boti ilikuwa tayari, kuzunguka kungewezekana. Mfalme kutokuwepo ni hasara ya biashara yako, siyo ya mwenye boti. Akatakiwa kulipa zile 200, ikipunguzwa faida ambayo wenye boti waliipata kwa kuitumia siku hizo.

Ichukulie hivi kwa lugha ya Mlandege. Umekodi Coaster kwenda kwenye sendoff Makambako. Sendoff imeahirishwa, bibi harusi anaumwa. Coaster imekuja mlangoni asubuhi, tenki limejaa, dereva kakaa kwenye usukani. Hapo mwenye gari hajakukosea kitu. Ila gari lenyewe lisipokuja, hiyo ni hadithi nyingine kabisa. Kila ugomvi wa kurudishiwa nauli unaanzia hapo: nani alishindwa kutimiza, msafiri au mwenye chombo?

Sheria iliyokuja na rupia

Hapa ndipo historia inapotoa kituko. Wakati Waingereza wa London wanaambiwa hasara ibaki ilipoangukia, kulikuwa na sheria nyingine, iliyotungwa na Waingereza hao hao kwa ajili ya India mwaka 1872, iliyosema kinyume chake. Sheria ya Mikataba ya India iliweka kanuni nyepesi: mkataba ukija kuwa batili, aliyepokea faida kupitia mkataba huo airudishe au afidie.

Watunzi wake waliweka na mifano ili watu waelewe. Mmoja ungeeleweka kwa promota yeyote wa leo: mwimbaji kalipwa rupia 1,000 kabla ya shoo, akaumwa, hawezi kuimba. Promota hawezi kumdai faida aliyotarajia kuipata mlangoni, lakini zile rupia 1,000 lazima zirudi. Hakuna cha "nitakuimbia mwakani". Hela irudi.

Sheria hiyo ndiyo iliyovuka bahari. Baada ya Waingereza kuichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, walileta sheria kadhaa za India zitumike huku, na hiyo ya mikataba ikiwemo. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru, ikapokewa na sheria ya mikataba ya Tanganyika yenyewe, iliyofuata mfumo ule ule. Leo inaitwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.

Kule London kwenyewe walichelewa. Ilibidi vita ije. Julai 1939 kampuni moja ya Poland iliagiza mashine kutoka Leeds kwa pauni 4,800, ikatanguliza 1,000. Septemba Ujerumani ikaivamia Poland, mashine hazikwenda kokote. Mwaka 1942 Bunge la Mabwana, likikaa kama mahakama ya juu kabisa, likaamua kwamba ile 1,000 irudishwe, kwa sababu mlipaji hakupata chochote. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria mpya iliyoongeza jambo la busara: kama aliyepokea hela alishaingia gharama kwa ajili ya kazi hiyo, mahakama inaweza kumruhusu abaki na sehemu yake. Yaani hata yule konda mwenye dizeli tayari kwenye tenki alifikiriwa.

Kwa hiyo abiria wa Tanganyika wa miaka ya 1920, kwenye karatasi, alikuwa na haki iliyonyooka kuliko yule bwana wa London wa mwaka 1904. Shida ni ile ile ya siku zote. Haki ya kwenye karatasi inahitaji mtu wa kwenda nayo mahakamani, na nauli ya kwenda mahakamani mara nyingi ni kubwa kuliko nauli inayodaiwa.

1977: shirika lilipokata roho

Kuna hali nyingine mbaya zaidi ya safari kufutwa, nayo ni mwenye chombo mwenyewe kufa. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946 na kuwa mali ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mapema 1977 likaanguka katikati ya ugomvi wa madeni kati ya nchi wanachama. Kenya ikaanzisha shirika lake. Tarehe 4 Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na watalii waliokuja kwa gari kutoka Nairobi kuangalia wanyama wakajikuta safari imeishia njiani. Machi mwaka huo likazaliwa shirika la ndege la Tanzania.

Mgawanyo wa mali na madeni ya jumuiya ile ulichukua miaka mpaka mkataba wa Mei 1984 pale Arusha. Hata baada ya hapo, wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya waliendelea kudai mafao yao, na mpaka miaka ya 2000 walikuwa wanaandamana Dar es Salaam, wazee kwa vikongwe, wamekaa barabarani. Hao ni wafanyakazi, watu wenye majalada na namba za ajira. Sasa fikiria mtu mwenye kipande cha tiketi tu yuko nafasi ya ngapi kwenye foleni ya namna hiyo.

Hili ndilo ambalo vocha huwa hailisemi. Mwenye vocha ni mdai. Kampuni ikiwa hai, ana ahadi. Kampuni ikifa, ana karatasi.

Ndege ya elfu 32

Kwa vijana wa Nyanda za Juu Kusini, somo hili lilikuja kwa rangi za Fastjet. Kampuni hiyo ilianza kuruka Tanzania tarehe 29 Novemba 2012 na tangazo lililotikisa nchi: nauli kuanzia shilingi 32,000, bila kodi za serikali. Watu ambao hawajawahi kufikiria kupanda ndege wakaanza kuulizana bei. Desemba hiyo hiyo uwanja wa Songwe ukaanza kazi nje ya jiji la Mbeya, na baadaye Fastjet ikaenda huko. Safari ya Mbeya–Dar, ambayo kwa basi inameza siku nzima kupitia Makambako, Mafinga, kilima cha Iringa na Kitonga, ikawa ya saa moja na ushee angani.

Bei ile ilikuwa na masharti yake. Ukiwahi kununua unapata kwa bei chee, ukichelewa unalia. Maana yake ni kwamba mwenye kipato kidogo ndiye alilipa mapema zaidi, wiki na miezi kabla ya safari. Kwa maneno mengine, yule asiye na akiba ndiye aliyeikopesha kampuni kwa muda mrefu.

Mwishoni mwa 2018 mambo yakaharibika. Kampuni mama ya nje ikajiondoa, hisa nyingi zikachukuliwa na Mtanzania mmoja aliyewahi kuwa waziri. Katikati ya Desemba, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ikatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kufuta leseni, ikitaja madeni na ukosefu wa ndege. Safari za Desemba na Januari zikafutwa. Mamlaka ikaitaka kampuni iwarudishie abiria hela zao.

Angalia kalenda. Desemba ndiyo mwezi ambao Mtanzania anasafiri kuliko mwezi mwingine wowote: Krismasi, mwaka mpya, harusi, kipaimara. Hata anayerudishiwa nauli yote, shilingi kwa shilingi, hawezi kununulia kiti kile kile, kwa sababu aliinunua Septemba kwa bei ya Septemba, na sasa anatafuta kiti Desemba kwa bei ya Desemba. Hiyo tofauti hakuna risiti inayoirudisha. Fastjet Tanzania haikurudi tena angani, na aliyeshika ahadi ya kusafiri "siku nyingine" hakuwa na siku ya kuipeleka.

2020: dunia nzima yapewa vocha

Halafu ikaja korona, na ghafla kila mtu duniani akawa abiria wa Igumbilo. Februari 2020 meli ya kitalii ya Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu zaidi ya 3,700. Tarehe 14 Machi Marekani ikapiga marufuku meli hizo kusafiri. Tanzania nayo ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa mwezi Aprili, ikafungua anga tarehe 18 Mei.

Kampuni za meli zilikuwa zimekaa juu ya mlima wa hela za wateja kwa safari ambazo hazipo. Kuzirudisha zote kwa mkupuo kungezizamisha kabla ya bahari. Hapo ukatokea mchezo wa akili: baadhi zikawaambia wateja wachague, kurudishiwa asilimia 100 kwa kusubiri, au vocha ya asilimia 125 hapo hapo. Ukisikia 125 moyo unaruka. Lakini kampuni inayokupa nyongeza ya robo ili usichukue hela yako inakwambia kitu kimoja: hela yako ina thamani kubwa sana kwake sasa hivi kuliko anavyotaka ujue.

Ulaya ugomvi ulikuwa wa wazi. Sheria zao tayari zilikuwa zinasema ndege ikifutwa abiria arudishiwe hela ndani ya siku 7, na kifurushi cha likizo ndani ya siku 14. Serikali kadhaa zikataka vocha iwe lazima ili kuokoa kampuni. Tarehe 13 Mei 2020 Kamisheni ya Ulaya ikatoa mapendekezo yenye mizani: vocha iwe hiari ya msafiri, idumu angalau miezi 12, ilindwe kampuni ikifilisika, na isipotumika hela irudi.

Suala la kulindwa lina historia yake. Kampuni ya utalii ya Thomas Cook, ambayo mwanzilishi wake aliandaa safari ya treni ya watu 500 kwa shilingi moja moja mwaka 1841, ilifilisika tarehe 23 Septemba 2019. Waingereza kama 150,000 walikuwa nje ya nchi. Walirudishwa, na wengi waliokuwa hawajaondoka wakalipwa, kwa sababu tangu 1973 Uingereza ina mfumo ambao leo kila mnunuzi wa kifurushi anachangiwa pauni 2.5 kwenye mfuko wa dharura. Kampuni ilikufa, ahadi haikufa nayo.

Vocha ya simu na vocha ya safari

Mtanzania ana bahati moja kwenye mjadala huu: neno vocha analijua kwa mkono. Ni ile ya kukwangua. Ukinunua vocha ya elfu moja umeshaelewa kwamba huwezi kwenda nayo sokoni ukapewa mchicha. Hela imeingia upande mmoja, haitoki. Na kifurushi kikiisha muda, kimeisha, hata kama hukupiga simu hata moja.

Vocha ya safari ni ndugu yake wa damu. Ni mkopo ambao abiria anaipa kampuni bila riba, bila dhamana, na mara nyingi bila kuulizwa. Hiyo haimaanishi kila vocha ni wizi. Mwenye mabasi mawili ambaye moja limekufa gia, akilazimishwa kurudisha nauli zote asubuhi moja, anaweza kufunga biashara, na kesho Mlandege ikakosa basi kabisa. Abiria mwenye nafasi akikubali kusubiri siku moja anamwokoa mtu, na huo ni utu. Lakini utu unaombwa, haulazimishwi. Historia yote kuanzia 1902 inauliza maswali matatu tu. Je, ni hiari? Mwisho wake lini, na usipotumika hela inarudi? Na kampuni ikifa, nani anasimama nyuma ya karatasi hii?

Kwa Tanzania milango ya kubisha ipo. Mabasi na treni ni LATRA, ndege ni TCAA, meli ni TASAC. LATRA na TCAA zina na mabaraza ya watumiaji wa huduma. Tume ya Ushindani, FCC, nayo inamhusu mlaji. Tiketi za kielektroniki zimesaidia jambo moja kubwa: muamala unaonekana. Zamani konda angeweza kusema hakujui. Leo ujumbe wa malipo uko kwenye simu, una tarehe, saa na kiasi.

Ndiyo maana yule dada wa Mlandege anayesafiri kwenda kwenye usaili, akiambiwa "kesho utapanda na hiyo hiyo", ana haki ya kujibu bila matusi na bila kulia: "Kaka, kesho sina safari. Safari yangu ilikuwa leo." Usaili ni saa nane, hautamsubiri. Akirudishiwa nauli yake sasa hivi, bado kuna gari la kampuni nyingine linapita barabarani pale, limebakiza viti viwili.